Vidole vinakufa ganzi usiku, kiwandani wananiambia ninywe maziwa

BARUA

Bi Mshauri, asalaam alaikum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa, nna watoto wawili, nakaa Ng'ambo hapa Unguja. Nafanya kazi kiwanda cha nguo. Tunashona sare za skuli, fulana na ovaroli za mafundi. Niliingia kama mkata nyuzi, baadaye nikapandishwa mashine ya ovaloki, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Tageti ikizidi, jioni narudishwa tena kwenye mkasi kumalizia nyuzi.

Shida yangu ya kwanza ni mkono wa kulia. Nikishalala kidogo tu naamka, gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi na vinachoma. Nautikisa mkono mpaka unarudi, nalala, naamka tena. Asubuhi kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Mama mkwe anasema ni upepo umenipiga. Nimepelekwa kwa maalim, nimeandikiwa kombe na nimelinywa, lakini hali ni ile ile. Mume wangu anataka niache kazi. Yeye ni mvuvi, na bahari ikichafuka chakula cha ndani ni mshahara wangu, sasa niache tule nini?

La pili ni kifua. Ovaloki inakata ukingo wa kitambaa huku inashona, kwa hiyo vumbi la nguo linaturukia usoni mchana kutwa. Nikikung'uta mtandio jioni unatoka unga. Mashine zinasafishwa kwa kupulizwa upepo wa kompresa, na ukumbi mzima hauonekani. Sasa nakohoa wiki ya tatu. Msimamizi wetu anasema tunywe maziwa yanasafisha kifua, na kila Jumamosi tunagaiwa pakiti moja moja.

Choo kina kadi moja kwa laini nzima. Kuisubiri ni kupoteza tageti, basi nimejizoesha kutokunywa maji mpaka natoka. Juu bati, joto halisemeki. Siku hizi mkojo unaniunguza.

Mwenzangu wa meza ya mwisho ana mimba ya miezi minne. Kazi yake ni kufuta madoa ya mafuta kwa bunduki ya dawa. Dawa yenyewe imo kwenye dumu lisilo na jina, na kila ikifika mchana kichwa kinamuuma na kizunguzungu juu.

Mlango wa nyuma umetiwa kufuli tangu zilipoibiwa fulana, tunatoka mlango mmoja tu wa mbele ili tupekuliwe.

Mikataba yetu ni ya miezi mitatu mitatu. Kuna mwenzetu alilalamikia mgongo, mkataba wake ulipokwisha hakuitwa tena. Jamaa mmoja wa Dar ameniambia niende OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, nikashitaki, na fidia nikadai WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Nivumilie, niseme, au niache? Na jioni nyumbani nashona madera ya watu, Sikukuu inakaribia na nimeshapokea pesa za wateja. Naomba usitaje kiwanda wala jina langu.

Mshonaji, Unguja

JIBU

Waalaikum salaam mwanangu, na pole sana. Jina lako na la kiwanda havitatoka hapa.

Umenieleza mkono, kifua, choo na mwenzako, na mlango ukaupa mstari mmoja tu karibu na mwisho. Mimi huo mstari ndio ulionishtua. Ukumbi umejaa vitambaa, nyuzi, vumbi la pamba linaloshika moto haraka, pasi za moto, na dumu la dawa ambayo huenda nayo inawaka. Halafu njia ya kutokea ni moja, tena ndiyo ile ile mnayosimama foleni ya kupekuliwa. Mkono wako utakupa muda wa kuuguza. Moto hautoi muda.

Tarehe 25 Machi 1911, kiwanda cha Triangle Shirtwaist cha New York kiliwaka, na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana washonaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na sababu ni hiyo hiyo uliyonitajia: wafanyakazi watoke upande mmoja, mikoba yao ikaguliwe. Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani. Septemba 2012, Karachi, Pakistan, kiwanda cha nguo kiliungua wakafa zaidi ya watu 250, milango imefungwa na madirisha yana nondo. Baadaye mahakama ya huko iliona ule moto uliwashwa makusudi na watu. Ni kweli, lakini mlango wenye kufuli haumuulizi mtu nani kawasha. Fulana zikiibiwa, pana njia nyingi za kuzilinda, na mlango wa dharura unaweza kuwekewa kitasa kinachofunguka kwa kusukuma kutoka ndani na king'ora kikalia. Kufuli halikubaliki wakati watu wamo ndani, hata iwe kwa nusu saa.

Sasa tuje kwenye mkono. Ganzi ya gumba, shahada na kidole cha kati, inayokuamsha usiku na kuondoka ukiutikisa mkono, inaelekea sana kwenye mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo cha mkono. Pale umepita kwenye njia nyembamba pamoja na kano za vidole. Kano zikivimba kwa kazi ya kujirudia, mshipa unabanwa. Mkono wa mshonaji wa ovaloki unasukuma na kugeuza kitambaa kifundo kikiwa kimekunjwa, kutwa nzima, na wewe baada ya hapo unapewa mkasi.

Huo mkasi usiuone mdogo. Mkata nyuzi anaubana na kuuachia maelfu ya mara kwa siku, kwa gumba na vidole vile vile vinavyokufa ganzi. Ukiwa butu unaubana kwa nguvu maradufu, na ukiwa na springi iliyokufa unaufungua mwenyewe kila mara. Utazame wa kwenu. Nadhani haujanolewa tangu ulipotoka dukani. Kuunoa ni kazi ya dakika chache na hakuna mwajiri atakayefilisika, ila hakuna anayenoa kwa sababu hakuna anayeuliza.

Jaribu pia kujiangalia kidole cha mwisho. Ikiwa kile hakifi ganzi, maelezo yangu yanazidi kukaa sawa. Kikiwa nacho kimo, huenda kiwiko chako kinaegemea ukingo wa meza saa nyingi na kinabana mshipa mwengine. Vyovyote vile nenda hospitali, na uombe wakupime na sukari, kwa sababu kisukari nacho huleta ganzi za mikono, na maradhi ya tezi ya shingo vile vile. Wengi hupona kwa kuvaa usiku mkanda mgumu unaokinyoosha kifundo kisikunjike na kupunguziwa kazi iliyouleta ugonjwa. Wengine huchomwa sindano pale pale, na kwa waliochelewa kuna upasuaji mdogo. Cha kuogopa ni kusubiri mpaka ile nyama nene chini ya gumba ianze kunywea. Ikifika hapo nguvu ya kushika hairudi yote. Kombe sikukatazi, wala sigombani na mama mkwe. Kama ni upepo au si upepo, mshipa uliobanwa unahitaji nafasi.

Ukiwa mbele ya daktari usiseme "mkono unauma" ukanyamaza. Mwambie kazi yako ni ovaloki na kukata nyuzi, saa ngapi kwa siku, maumivu yalianza umekwisha kuifanya kazi hiyo kwa muda gani, na kama wenzako wa laini wanaumwa hivyo hivyo. Mwombe aiandike kazi yako kwenye cheti. Karatasi za wafanyakazi wengi nilizoonyeshwa zimeandikwa "maumivu ya mkono, dawa ya maumivu" basi, na mtu akija kudai chochote baadaye hana pa kuanzia.

Maziwa yanakwenda tumboni, mwanangu. Vumbi limo kifuani, na hizo ni njia mbili zisizokutana. Hii imani ya maziwa na vumbi imeenea Afrika Mashariki nzima, kwenye rangi, saruji na mashine za kusaga nafaka, na inapendwa na wasimamizi kwa kuwa pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko mashine ya kuvuta vumbi. Pokea, wapelekee watoto. Ila yasihesabiwe kuwa kinga.

Vumbi la ukumbi wa kushona huwasha pua, koo na macho, na mwenye pumu humuamsha pumu yake. Wanaofanya kazi mwanzoni kabisa mwa pamba, kwenye kuichambua na kuisokota, wanapata ugonjwa wao maalum wa mapafu, na dalili yake ni kifua kubana siku ya kwanza ya wiki baada ya mapumziko, kisha kulegea siku zinazofuata. Kwa washonaji huo ni nadra, lakini ukiona kifua chako kina tabia hiyo ya Jumatatu, mwambie daktari. Nguo mpya zisizokunjika nazo hutiwa dawa yenye fomaldehidi, ndiyo ile harufu kali inayotoa machozi ukifungua robota. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitia dawa hiyo kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Marobota yafunguliwe penye upepo, si katikati ya ukumbi.

Kompresa ndiyo mbaya kuliko yote uliyoyataja kwenye vumbi. Vumbi lililokwisha kutulia chini linarushwa tena hewani, na lile jembamba kabisa, linaloingia ndani zaidi, linaelea saa nyingi. Mashine zivutwe vumbi kwa mashine ya kunyonya au zifutwe kwa brashi na kitambaa chenye unyevu, na kwenye zile ovaloki linaweza kuwekwa bomba la kunyonya mabaki pale penye kisu. Barakoa za kitambaa mnazojifungia ni bora kuliko kukaa bure, lakini vumbi jembamba zinalipitisha.

Na wiki tatu za kikohozi ni nyingi. Kwetu, aliyekohoa wiki 2 au zaidi anapimwa kifua kikuu, hata akiwa na uhakika gani kwamba ni vumbi. Makohozi hupimwa bila malipo katika hospitali za serikali. Nenda kabla hujamaliza kuisoma barua hii mara ya pili, maana una watoto ndani.

Mkojo unaokuunguza nao si wa kungoja. Mwanamke asiyekunywa maji na anayezuia haja kutwa nzima anawapa vijidudu nafasi ya kukaa, na kwenye joto la bati, tena mwezi wa Ramadhani, hatari ya kuishiwa maji na kupata mawe ya figo inaongezeka. Pimwa mkojo siku hiyo hiyo unayokwenda kwa ajili ya kifua. Usinunue vidonge nusu dozi dukani. Ukipata homa, baridi ya kutetemeka au maumivu ya ubavuni, usingoje siku ya mapumziko. Kuhusu ile kadi ya choo sina maneno ya adabu, kwa hiyo naipita.

Mwenzako mwenye mimba atolewe kwenye bunduki ya madoa kesho, si mwisho wa mkataba. Dawa za kuondoa mafuta kwenye nguo nyingi ni viyeyusho vinavyopanda kichwani. Kichwa na kizunguzungu cha kila mchana ni dalili kwamba anavivuta, na vingine vimethibitika kuleta saratani. Anavivuta yeye na mtoto wake. Dumu lisilo na jina ni kosa peke yake, maana dawa ya kiwandani huuzwa na karatasi inayoeleza imo nini, ina madhara gani na mtu akidhurika afanyiwe nini. Muulizeni mtunza stoo hiyo karatasi. Amweleze na mkunga wake kliniki kazi anayoifanya, kwa maneno hayo hayo.

Umeniuliza useme au uvumilie. Useme, ila usiseme peke yako wala usiyaseme yote kwa pamoja. Mlango, kompresa, dumu na choo ni vya ukumbi mzima. Hivyo viandikwe barua moja, isainiwe na wengi kwa duara, asijulikane aliyeanza, yawepo tarehe na nakala mbaki nayo. Anzeni na mlango, kwa kuwa kufungua kufuli hakuna gharama na hakuna mwajiri atakayetaka kuonekana amekataa hilo kwa maandishi. Mkono wako usiutie kwenye barua hiyo. Huo upitie kwa daktari, na daktari ndiye aandike kwamba upumzishwe ovaloki au mkasi. Yule mwenzenu wa mgongo alikwenda kwa mdomo, peke yake, bila karatasi, na mkataba wa miezi mitatu ukawafanyia waajiri kazi yao kimya kimya.

Ndugu yako wa Dar amekupa anwani ya kwao. Mambo ya kazi si ya Muungano. OSHA na WCF ni vya Bara, ukienda utarudishwa. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005, na wakaguzi wake wako chini ya wizara inayoshughulikia kazi hapa hapa Zanzibar. Fidia iko kwenye Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005. Barua yenu isipojibiwa, peleka nakala kwa hao wakaguzi na uwaombe majina yasitajwe. Kama kiwandani hakuna chama cha wafanyakazi, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005 inawapa haki ya kuwa nacho, na shirikisho la vyama, ZATUC, lina ofisi mjini. Nendeni watu wawili watatu mkaulize kabla hamjapeleka barua. Watakwambieni pia mtu asipoitwa tena kazini kwa sababu ya kulalamika, shauri lake linapelekwa wapi na kwa muda gani.

Sikuambii uache kazi leo. Ukiacha bila cheti cha daktari unaondoka na mkono mbovu na huna cha kudai. Lakini kama daktari ataandika upumzishwe, nao wakakurudisha ovaloki siku ya pili yake, rudi kwangu tuandike barua nyengine yenye sauti nyengine.

Wakati unasubiri, kila baada ya saa moja iachie mashine kidogo, fungua vidole, nyoosha kifundo, shusha mabega. Sindano ikikuchoma kidole mpaka ndani usifunge kitambaa tu ukaendelea, nenda ukasafishwe na uulize chanjo ya pepopunda. Na ukiona huwezi kuzungumza na aliye umbali wa mkono mmoja bila kupiga kelele, ujue sauti ya ukumbi imezidi kiasi cha salama, ombeni vya kuziba masikio.

Kuhusu madera, hapa tutagombana. Kwa kifundo cha mkono, cherahani ya nyumbani ni ile ile kazi, na ukishona usiku unakinyima zile saa ambazo kingepoa. Wateja ambao hujakata vitambaa vyao warudishie pesa sasa hivi, kungali na muda wa kutafuta fundi mwengine. Waliokwisha kukatiwa, mpe shoga yako ashone mgawane. Mume wako amechukizwa na kazi ya kiwandani, naye bahari ikichafuka yuko nyumbani. Kukata nyuzi za madera hakuhitaji ufundi, na mkasi wa nyumbani akaunoe yeye.